Drams za Baba Kulwa

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya amplifaya hunirudisha hadi leo kwenye sebule yetu ya Kambarage, mjini Shinyanga, ambamo bendi ya baba ilifanyia mazoezi ya muziki wa roki huku majirani wakituonea huruma.

Mpiga drams wao, Baba Kulwa, alifukiwa na kifusi machimboni Geita muda mfupi baada ya bendi kurekodi albamu yake ya kwanza. Wenzake walirudi studio kuliingiza jina lake katika kiitikio cha wimbo wa mwisho, na mjane wake akaahidiwa kwamba angeusikia kabla ya watu wengine.

Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge kipya, akatuletea watoto kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Baba aliweka sidii kwenye redio na kubonyeza kitufe bila kumtazama. Drams zilipoanza, Mama Kulwa alitabasamu.

"Msikilizeni. Hata nyumbani aligonga meza hivyohivyo mpaka uji unamwagika."

Kiitikio kilipofika, likaitwa jina la mnunuzi mmoja wa dhahabu. Kutaja wafadhili nyimboni ni desturi ya wanamuziki wetu, na huyu alikubali kuigharimia albamu kwa sharti kwamba atajwe yeye tu.

"Baba Neema, huyu ni nani?"

"Mfadhili, shemeji. Walirekebisha kidogo."

"Walirekebisha," mama yangu alisema kutoka jikoni. "Kwani hiyo sauti inayoimba ni ya nani?"

Mama Kulwa aliomba urudiwe. Tuliusikiliza tena, nami nikatafuna michembe kwa kelele kwa kuwa sikujua pa kuweka macho.

"Amepiga vizuri," alisema, akakaza kitenge chake na kuaga.

Studio ilikuwa imekwisha kuifuta nakala ya awali. Baba hakuitoa albamu ile kamwe. Kila alipoulizwa alijibu kwamba haijakamilika, nami, niliyekwisha kujigamba shuleni, nikamwona mzembe na mwongo.

Sasa sidii hiyo ninayo mimi. Kulwa, ambaye haukumbuki uso wa baba yake, ameniomba zaidi ya mara moja nimtumie nyimbo hizo. Nawaambia ninyi nisichoweza kumwambia yeye: nimeelewa jinsi kidole kinavyoweza kuwa kizito juu ya kitufe cha redio. Mimi niliyesoma chuo, ninayewahimiza wengine waseme kweli, humjibu kwamba bado naitafuta.