Kiti cha Kunirudishia Jiko

Wenye kucheka waanze sasa wamalize mapema, kwa sababu jambo lenyewe Kasulu nzima inalijua na mimi sina pa kujificha: ndiyo, ni mimi yule mwanamke aliyemwaibisha mama mkwe wake mbele ya kina mama wa jumuiya, mchana kweupe, huku mama wa watu bado ameshika rozari.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati malori ya chakula cha wakimbizi yalipokuwa yakipita kwetu kutwa nzima na kutugawia vumbi bure. Msimu wa mvua niliteleza kwenye mteremko wa kisimani na ndoo yangu ya maji, ndoo ikatua salama salimini, mimi nikavunjika mguu juu ya goti. Hospitali wakanifunga plasta, wakaja wakaifungua, na goti likaamua kwamba kukunjika si kazi yake tena. Daktari akaniambia nitatembea vizuri tu, ila nisichuchumae (asante sana daktari, bila shaka mkeo anapika akiwa amesimama), sasa naomba mnitajie kazi moja ya mwanamke wa kwetu Buha isiyofanyika chini: mafiga yako chini, muhogo unamenywa chini, maharage yanachambuliwa chini, nguo unazifua umeinamia beseni, hata umbea wenyewe unapigwa mkekani.

Mama mkwe akaja kutoka Gwarama kuniuguza. Nisimsingizie, alinipenda na kazi aliijua, ila baada ya mwezi mmoja chumvi yangu mwenyewe ilibidi niiulizie ilipo, na sufuria zangu zilikuwa zimehamia upande mwingine kana kwamba zimepewa uhamisho na serikali. Kisha akatangaza kwamba ana mpwa wake, msichana mkubwa, mpole, mwenye magoti mawili mazima, na atamleta akae nasi moja kwa moja awe anapika. Nikamwangalia mume wangu, Baba Yusta, anitetee. Akasema mambo hayo sisi wanawake tutaelewana, akachukua baiskeli yake akaondoka.

Mnielewe, sikuwa na ugomvi na msichana wa watu. Niliogopa kuwa mgeni kwenye nyumba niliyoikandika udongo kwa mikono yangu. Nikambembeleza mama mkwe anipe nafasi, naye akakubali kwa masharti: anakwenda Gwarama siku sita kuzungumza na wazazi wa msichana, na Jumamosi, zamu ya jumuiya kusali kwetu, akute nimewapikia kina mama chakula mimi mwenyewe. Nikiweza, msichana haji. Nikishindwa, anakuja na sanduku lake.

Basi nikaanza kutafuta kiti. Nilianza na kigoda. Kushuka nilishuka, kunyanyuka wakaitwa majirani wawili. Nikapindua ndoo ya plastiki, ikapasuka siku hiyohiyo. Nikanunua sokoni debe la mafuta ya msaada, na hilo kila nilipojisogeza lilibonyea na kutoa mlio ambao mwanamke mwenye heshima zake hawezi kueleza umetoka wapi. Kiti cha sebuleni kiliniacha nimezama na magoti yako mbali na sufuria. Mwisho nikaenda kwa fundi seremala, mkimbizi wa Burundi aliyekuwa na kibanda karibu na soko, na huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa na akili katika mkasa huu wote: alinipima kutoka kisigino mpaka pajani, akasema atanitengenezea stuli ndefu, mbele imeinama kidogo ili goti lisikunjwe, ubavuni ina mkono wa kushikilia nikinyanyuka, na akanishauri mafiga niyapandishe juu ya matofali yanifuate huko nilipo. Akasema wiki mbili. Mimi nilikuwa na siku tatu.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikayapandisha mafiga kama alivyosema, nikatazama pembeni, nikakiona kinu.

Kinu kikubwa cha mti mgumu, alichonipa mama mkwe mwenyewe nilipoolewa. Nikakipindua. Kimo kilekile alichopima fundi, kizito, hakitikisiki hata umsukume mtu aliyekaa juu yake. Ila kwetu mwanamke hakalii kinu, ni mwiko, na ukiuliza sababu unaambiwa una mdomo. Nilijua yote hayo. Nikajiambia (mnaona jinsi shetani anavyojua kupanga hoja) kwamba mwiko ni kwa kinu kilichosimama, hiki kimepinduliwa, na isitoshe unga siku hizi tunasaga mashineni. Nikajaza maganda ya mahindi kwenye gunia nikapata mto, nikaushonea kitenge kirefu kikafunika mpaka chini, na hapo hata mimi nikaanza kusahau kuna nini ndani.

Jamani, nilipika! Nilimenya, nilichambua, nilisonga ugali wa watu kumi na wanne nimekaa kama meneja wa benki. Jumamosi mama mkwe akafika amechoka na safari, akaonja maharage, akatafuta kosa, akalikosa. Kisha akajishusha kwenye kiti changu. Nikajifanya nachochea moto. Akajinyoosha mgongo, akauliza nimekipata wapi, nami nikasema kwa fundi mmoja wa mkoani, mkoani kwa sababu ni mbali na hakuna atakayekwenda kuhakikisha.

Kina mama walipofika na sala ikaisha, yeye bado amekikalia hapo uani, na sasa alikuwa akikitangaza. Akasema mgongo wake haujapumzika namna ile tangu azae mtoto wa mwisho, na kwamba mkwe wake ana akili. Mama Anjelina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaagiza na chake. Wengine wawili wakaagiza. Nikawa wakala wa fundi ambaye hayupo.

Hapo ndipo Mama Anjelina alipofungua kanga yake akatoa rundo la majani ya muhogo, akasema tutwange sombe tuongezee kwenye maharage. Mama mkwe akaomba kinu. Nikasema nimekiazimisha. Kwa nani? Nikasema, bila kufikiri, kwa Mama Anjelina.

"Kwangu?" akasema Mama Anjelina, akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. "Mimi nina changu, chako nikifanyie nini?"

Mtu mwenye busara angekiri palepale. Mimi nikasema labda ni Mama Frola, wa nyumba ya chini. Akatumwa mtu, akarudi na Mama Frola mwenyewe, amevimba, anataka kujua ni nani anayesema ana kinu cha watu. Sasa mama mkwe akapandisha: kinu chake alichokitoa Gwarama kimeibiwa, na mwizi yuko kati ya majirani hawa wawili, aitwe balozi wa nyumba kumi, nyumba zikaguliwe. Mama Frola, mjane asiyewahi kuchukua hata sindano ya mtu, akaanza kulia. Kwa kweli machozi yake ndiyo yaliyonishinda.

"Mama," nikasema, "kinu hakijaibiwa. Umekikalia."

Mama mkwe akainuka taratibu, akashika pindo la kitenge kwa vidole viwili, akafunua, akaona. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Kirazira," yaani mwiko, kana kwamba kuna aliyekuwa hajui. Halafu kina mama wakaanza kukumbuka mambo: mmoja mbuzi wake hakumfunga, mwingine mtoto ana homa. Chakula cha mtu aliyekalia kinu hakuna aliyekigusa.

Tulipobaki wawili, mama mkwe akafunga mzigo wake bila kuniangalia.

"Msichana haji," akasema.

Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, kama ni kwa sababu nimeweza kupika.

"Haji kwa sababu akija ataniuliza kwa nini kinu cha nyumba hii hakitumiki. Nitamwambia nini, kwamba nami nimekikalia? Jiko ni lako, mwanangu. Kaa nalo."

Akaniomba habari isifike Gwarama. Ilifika kabla yake.

Stuli ya fundi ilikamilika siku aliyosema, na ni nzuri, mpaka leo naikalia. Mama Frola ilimchukua muda mrefu kuitikia salamu yangu, na alikuwa na haki. Ila zamu ya jumuiya iliruka nyumba yetu mwaka mzima, na mlangoni kwangu hakukanyaga mtu kuomba hata kijinga cha moto. Nililipigania jiko nikalipata lote, nikawa napika vizuri sana na hakuna wa kumkaribisha. Ndiyo maana nimeapa: siku goti la pili nalo likigoma nitasema wazi kwamba linauma, nitamsubiri fundi amalize kazi yake, na hizo wiki mbili nitakula alichopika mpwa wa mtu nikiwa nimelala, na kushukuru nitashukuru.