Mizunguko Miwili Kabla ya Amina

Harufu ya mafuta ya injini chini ya bati lenye moto hunirudisha Jacobs, mtaa wa viwanda wa Durban, kwenye karakana iliyofungwa kwa kufuli upande wa nje. Likizo ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alisuka nywele saluni mjini, nami nilishinda na baba yangu, Papa, fundi kutoka Uvira, Kongo, ndani ya joto lile. Salumu, Mtanzania mwenye karakana, alihofia vipuri vyake kuibiwa, basi alitufungia asubuhi na kutufungulia saa kumi. Choo kilikuwa nje ya geti, tulitumia ndoo. Ahadi yake ilikuwa moja: injini ya gari lake la mashindano ikimaliza mbio bila kuvunjika, Papa atapewa ufunguo wake mwenyewe.

Ilikuwa injini kubwa ya silinda nane, ya zile mbio fupi za magari mawili kwenye barabara iliyonyooka. Ili iongezeke nguvu, Papa aliweka kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, yenye mwendo mrefu, pistoni zipande na kushuka mbali kuliko kiwanda kilivyokusudia. Mikono ya pistoni sasa ilipita karibu mno na ukuta wa bloki, mwili wa injini, naye akaukwangua kwa grainda, cheche zikituchoma miguu. Mimi nilizungusha kranki kwa spana ndefu, yeye akisikiliza kama kuna kinachogusa. Nasema bila kuona haya: mikono yangu ilikijua chuma kabla haijaizoea kalamu.

Siku ya kuifunga injini, Salumu alisimama akitungoja. Nilipozungusha mara ya mwisho, spana ilisita kidogo, kama jino lililokuta mchanga kwenye wali. Nikaogopa kuuchelewesha ufunguo, nikanyamaza. Papa akaweka viganja juu ya chuma, akaomba, kama alivyoombea kila injini. Akishasema Amina, hakuwahi kuifungua injini tena. Hapo ndipo nilipopata sauti.

“Papa, iko inagusa.”

“Mama, tulishaomba,” alijibu polepole, akiniita kama baba zetu wanavyowaita mabinti. “Unataka nifungue kitu nilishamupa Mungu?”

Salumu akacheka. “Eish, fundi, kumbe bosi wako ni huyu? Mpe ovaroli basi.”

Papa akainama, akakaza bolti za mwisho.

Siku ya mbio gari lilifika katikati ya barabara, mkono mmoja wa pistoni ukatoboa bloki. Ufunguo haukuja. Papa alifungiwa miaka miwili zaidi, nami naye kila likizo, na siku ile Papa hajawahi kuitaja.

Leo nina diploma ya uhandisi wa mitambo niliyoifuata Johannesburg bila kushikwa mkono na mtu. Nimerudi Durban, na hapo hapo Jacobs kuna karakana yenye jina langu mlangoni. Injini zangu hazivunjiki. Waulizeni wanaoshindana nazo. Kabla ya kufunga injini, Papa huzungusha kranki mizunguko miwili kamili, ndipo anaomba. Funguo ziko kiunoni mwangu, na geti liko wazi kutwa nzima. Lakini ikifika saa kumi, Papa hunawa mikono, huketi karibu na geti hilo, na hainuki mpaka niende kuligusa kufuli.