Sufuria Iliyobaki Vällingby

Kwanza nilisikia msonyo. Haukuwa msonyo mfupi wa mtu aliyeachwa na treni, wala ule wa masihara ambao mashoga hutupiana jikoni. Ulikuwa mrefu, wenye mwanzo, katikati na mwisho, na ulitoka mezani, nyuma yangu, mara tu kifuniko cha sufuria yangu kilipofunuliwa. Mimi nilikuwa nimeligeukia kabati kutafuta upawa, kwa hiyo sikumwona aliyesonya. Niligeuka na upawa mkononi, nikasimama kama mshtakiwa ambaye bado hajasomewa mashtaka.

Tulikuwa Vällingby, pembeni mwa Stockholm, nyumbani kwa shangazi wa mchumba wangu, Jumapili baada ya ibada. Mchumba wangu ni Mkongomani wa Uvira aliyekulia Jakobsberg. Anatengeneza lifti, kazi iliyomfundisha kuamini kwamba kila kilichokwama kitapanda tena. Mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga, na nilikuja Stockholm kusomea shahada ya uzamivu katika historia, kazi iliyonifundisha kinyume chake. Mezani walikaa mama yake na shangazi yake, mawifi wawili ambao hawakuwa wamekula chakula cha pamoja tangu matanga ya baba yake. Mlo huo ulikuwa wa suluhu. Niliombwa mimi nipike sombe kwa sababu nilikuwa mgeni, na mgeni, walidhani, hana upande.

Sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, ambayo kwetu tunayaita kisamvu. Niliyanunua yamegandishwa katika duka la Kiafrika la Rinkeby, karibu na chumba changu, nikayachemsha asubuhi nzima. Kisha nikafanya kile ambacho mama yangu hufanya, na mama yake alifanya kabla yake: nilimimina tui zito la nazi. Sikufikiri hata kidogo, jambo ambalo wanaonifahamu wataliona ajabu kuliko yote nitakayoyasimulia hapa. Nikaifunga sufuria kwa kanga nikapanda nayo treni. Abiria walinitazama kwa adabu ya Kiswidi, yaani hawakunitazama kabisa, ingawa behewa zima lilinukia jiko la bibi yangu.

"Hii nyeupe ni nini?" shangazi aliuliza.

"Ni nazi," alijibu mama mkwe wangu mtarajiwa. "Kwao wanaweka."

"Mu sombe?"

"Mu sombe."

"Sisi hatuwekake nazi mu sombe. Sombe ni mawese. Hata mutoto wa juzi anajua."

"Uonje kwanza, wifi. Mutoto amebeba sufuria toka Rinkeby."

"Nionje nini? Ile siku mulifunua sufuria bila mimi. Leo munabadilisha sombe bila mimi. Kesho mutanizika bila mimi."

Wajukuu wa shangazi waliozaliwa hapa, ambao hujibu kila kitu kwa Kiswidi, walimaliza sahani zao wakaomba kuongezewa, na hilo likaharibu mambo zaidi. Shangazi aliinuka, akanitazama kwa upole wa kutisha, akasema, "Asante, Reine Coco." Malkia Nazi, kwa Kifaransa. Tuliondoka mapema. Tulipofika kituoni ndipo nilipokumbuka kwamba sufuria yangu, niliyopewa na mama siku nilipoondoka Muheza, imebaki juu ya jiko la shangazi.

"Turudi?" niliuliza.

"Lugnt," alisema mchumba wangu. Ni neno la Kiswidi la kumtuliza mtu, na sijawahi kuona likimtuliza yeyote.

Lazima nieleze kwa nini sikutulia. Mwishoni mwa mwaka ujumbe wa familia yake ulipaswa kusafiri hadi Muheza kuleta posa. Baba yake ni marehemu, hivyo msemaji wa ujumbe angekuwa shangazi, dada wa pekee wa marehemu. Baba yangu alikwisha kutoa msimamo wake: posa isiyo na mtu wa upande wa baba ni matembezi, na watu wa matembezi hupewa chai wakaenda zao. Kabla ya wiki kwisha, shangazi alitangaza kanisani kwamba hana safari ya kwenda kwa watu wa nazi. Mama mkwe akatangaza kwamba hatamwita wifi yake mpaka amwombe radhi "mutoto wangu." Mutoto huyo, aliyekuwa akipiganiwa na hakuulizwa, alikuwa mimi.

Sasa niseme juu ya tasnifu yangu, kwa kuwa msomaji asipoifahamu ataniona mwendawazimu, na akiifahamu ataniona mwendawazimu mwenye tanbihi. Ninaandika juu ya sifa ya malkia mmoja wa karne ya kumi na saba, mzaliwa wa Ufaransa aliyeolewa na mfalme wa Uingereza. Jina lake silitaji; walilitaja vya kutosha waliomsema. Mfalme alipoingia vitani na bunge lake, watu wengi walikuwa na uhakika kwamba chanzo ni huyu mwanamke wa kuja: dini yake ngeni, lafudhi yake, makasisi wake, ushauri wake chumbani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichambua uvumi huo tabaka kwa tabaka, kwa utulivu wa mtu anayemenya kitunguu cha jirani.

Uvumi wangu mwenyewe ulinishinda kumenya. Kwa kanuni zote za taaluma ulikuwa mzuri mno. Mwanzo ilisemwa kwamba nimetia nazi. Kisha ikasemwa kwamba nimeyakataa mawese kwa madai kuwa yanachafua nguo. Kwaya ya Jakobsberg ilipomaliza mazoezi ya Alhamisi, nilikuwa nimeapa kumhamishia kijana wao Tanga, ambako angekula samaki wa nazi, maharage ya nazi na wali wa nazi mpaka asahau lugha ya mama yake. Nilipoingia tena dukani Rinkeby kununua majani, mwenye duka alinipimia, akafikiri, kisha akaweka chupa ya mawese kaunta bila mimi kuomba.

"Hiyo sijaomba," nilisema.

"Najua, dada," alisema. "Lakini watu wanaongea."

Niliinunua. Nilidhani ni busara ya kidiplomasia. Nilipofika nyumbani niliona kwamba nimekiri kosa.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kupita kiasi. Nilijiuliza kama msonyo ule ulielekezwa kwa nazi, kwangu, au kwa upawa uliokuwa ukikawia. Nilijiuliza kama kumwita "shangazi" kabla ya posa kulikuwa heshima au kiherehere. Nilikaa maktabani saa nzima mbele ya ukurasa unaoeleza jinsi malkia alivyokwenda ng'ambo kuweka rehani vito vya ufalme ili anunue silaha, nikajikuta nikitafakari kama chupa ya mawese inaweza kuhesabiwa kuwa silaha.

Msimamizi wangu, mama wa Kiswidi mpole anayekunywa kahawa kama wengine wanavyovuta hewa, alisoma sura yangu ya tatu akaniita ofisini kwake.

"Ni nzuri," alisema. "Ila malkia wako anasemwa tu. Kurasa hizi zote, kila mtu anamsema. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Alikuwa mgeni," nilisema. "Angesema, wangegeuza."

"Kwa hiyo alinyamaza?"

Nilitaka kujibu ndiyo, kisha nikakumbuka kwamba hakunyamaza hata siku moja. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na makosa mengi. Silaha alizinunua kweli. Na mimi, nikawaza nikishuka ngazi, nazi niliitia kweli. Kusingiziwa hakumfanyi mtu awe malaika. Lakini ugomvi wa mfalme na bunge haukuja na malkia. Ulikuwa na mizizi mirefu, na yeye alikuwa karibu, mgeni, na rahisi kunyooshewa kidole.

Nilisimama katikati ya ngazi. Shangazi alikuwa amesema "bila mimi" mara tatu, na mimi, mtu ninayelipwa kusikiliza watu waliokwisha kufa, nilikuwa nimesikia "nazi" peke yake.

Jioni hiyo nilimwuliza mchumba wangu ni sufuria gani iliyofunuliwa bila shangazi.

"Ya matanga," alisema. "Kwetu, siku ya kumaliza matanga, dada ya marehemu ndiye anafunua sufuria. Yeye wa kwanza, halafu watu wanakula. Siku ile treni yake ilikwama kabla ya Jakobsberg. Watu walikuwa na njaa, kulikuwa na watoto. Mama akafunua."

"Na alipofika?"

"Walikuwa wanaosha sahani." Alitazama mikono yake. "Mama alimwekea chakula. Hakukigusa."

"Mbona hukuniambia kabla sijapika?"

"Niliona kama imepita."

Hiyo ndiyo falsafa ya lifti.

Sasa nilikijua chanzo, lakini sikuwa na njia ya kuingilia. Kumtumia shangazi ujumbe wa maandishi niliogopa. Barua za faragha za malkia wangu na mumewe zilitekwa na maadui, zikachapishwa, zikasomwa na kila aliyejua kusoma. Nami nilifahamu vyema jinsi ujumbe unavyosafiri katika makundi ya simu ya kanisa. Kumtuma mchumba wangu kungekuwa kumtuma "lugnt." Kwenda mwenyewe bila kualikwa kungekuwa uvamizi. Nilihitaji sababu ndogo, halali, isiyofanana na msamaha wala madai.

Niliipata katika mkasa ninaoupenda kuliko yote katika maisha ya malkia wangu. Aliporudi kutoka ng'ambo na silaha zake, adui waliifyatulia mizinga nyumba aliyolala kando ya bahari. Alikimbia na watu wake kwenda kujificha mtaroni. Kabla ya kufika akakumbuka kwamba mbwa wake amebaki kitandani, naye akarudi, mizinga ikilia, akamchukua. Katika sura yangu ya tatu nimeliita tendo hilo "lisilo na mantiki ya kijeshi." Sasa niliona lina mantiki zote. Mtu akirudi kuchukua chake, hata adui anaelewa amerudia nini.

Mbwa sina. Nina sufuria.

Na sufuria ilikuwa na sheria yake, ambayo niliamini haitofautiani Muheza na Uvira: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kama shangazi angeirudisha, ingemlazimu aweke kitu ndani. Kama angeweka kitu ndani, tungekuwa tumeanza kulishana.

Nilijifunga kanga juu ya suruali, kana kwamba angeniona, nikapiga. Simu iliita mpaka nikaanza kuandaa utetezi wa kukata simu.

"Allô?"

"Shikamoo, shangazi. Ni mimi, wa Muheza."

"Eh, shikamoo yenu hiyo, munanizeesha. Sema 'jambo' tu. Ni nani?"

"Wa Muheza." Nikakaza fundo la kanga. "Reine Coco."

Nilisikia kitu kilichokaribia kicheko, kikazuiliwa mlangoni.

"Unataka nini, Reine Coco?"

"Nimeacha sufuria yangu kwako, shangazi. Ni ya mama."

"Iko hapa. Niliiosha."

"Asante, shangazi."

"Haiwezi kurudi bure. Nitaiweka sombe. Ya mawese. Utakula?"

"Nitakula yote."

"Yote hapana, utaumwa." Nilimsikia akikaa, kiti kililalamika. "Ni ile tu?"

Haikuwa ile tu. "Mama ameniuliza jambo la desturi, nami sikujua la kumjibu," nilisema, na hilo lilikuwa kweli, ila tu mama alikuwa ameuliza kwa sababu nilimpigia asubuhi nikamwomba aulize. "Ujumbe ukifika Muheza kutakuwa na chakula. Anauliza, kwa upande wenu, ni nani atafunua sufuria."

Nilisikia redio yake, kisha nikasikia akiizima.

"Mwambie mama yako asifunue mpaka nifike," alisema. "Hata ndege ikichelewa. Hata watoto wakilia njaa."

"Nitamwambia, shangazi."

"Hata wifi yangu akimwambia afunue."

"Hata hivyo."

"Na huyo mama yako ataweka nazi?"

"Ataweka. Siwezi kumzuia."

Alisonya. Ulikuwa msonyo mfupi, mkavu, wenye mluzi mdogo unaopita katika pengo la jino. Nilisimama katikati ya chumba changu, simu sikioni, nikaukagua mara ya pili na ya tatu kichwani, kwa sababu niliukumbuka vizuri ule wa kwanza, na huu haukuwa huo. Ule mrefu, wenye mwanzo, katikati na mwisho, bila mluzi wowote, haukuweza kutoka katika kinywa hiki. Na mezani, wanawake wazima walikuwa wawili tu: shangazi na mama mkwe wangu mtarajiwa.

"Uko unasikia?" aliuliza shangazi.

"Ninasikia, shangazi," nilisema. "Sasa ninasikia vizuri."