Njia Niliyoikata Mpaka Kiotani

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipotoka mbugani mbio, ingawa hakuna aliyenikimbiza. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa Kaliua kwenye kazi ya reli, na kijijini kwetu, nje ya Tabora mjini, tulibaki mama, mimi na bibi mzaa baba.

Bibi miguu ilikuwa imemkataa. Kila kukicha tulimtoa nje, tukamkalisha kwenye kigoda chake nyuma ya nyumba, pale ua unapoishia na mbuga kuanza. Kazi yake ilikuwa kutazama ndege. Alijua yangeyange wangapi wanafuata ng'ombe wa jirani, na akikosekana mmoja aliuliza. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka pwani, na alimfundisha kwamba msafara unaojua kutazama ndege haufi kiu. Lakini waliomkaa moyoni ni korongo taji wawili, dume na jike, waliorudi kila masika kutaga kwenye matete kando ya majaruba yetu ya mpunga. Mwaka ule alisema, "Nikiviona vifaranga vyao, hata nikifa sinung'uniki." Alisema kwa utani, mimi nikaogopa kweli.

Kiota nilikiona nikipalilia mpunga. Kilikuwa na mayai matatu. Nilikimbia kumweleza, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Basi, umeshayaona. Usirudi tena."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa nikarudi, si kwa utundu bali kwa wasiwasi. Mvua ikinyesha nawaza maji yamekizoa kiota. Kenge akikatiza uani nawaza anaelekea huko huko. Chakula hakinipiti mpaka niyahesabu mayai. Kila niliposogea korongo aliinuka, akasimama mbali akilia, nami namwambia, "Tulia, nakulindia wanao." Mlinzi gani huyo anayemfukuza mama kwenye kitanda chake?

Siku ya tisa, ndiyo asubuhi hiyo ninayokwambia, nilikuta maganda matupu. Nyasi zilizokuwa zimefunga zilikuwa zimelala, kijia kimenyooka kutoka jaruba letu mpaka kiotani, na kwenye tope nyayo za nguchiro zimefuata zangu hatua kwa hatua. Njia ile niliikata mimi.

"Shikamoo, bibi," nilisema niliporudi.

"Marahaba. Korongo wangu wanasemaje?"

Kumbe alijua siku zote kwamba nakwenda. Nikajibu, "Wazima, bibi. Mayai yote yapo."

Niliogopa, mwanangu. Niliona furaha yake ikikatika, roho nayo itafuata. Nilizunguka na uongo ule siku mbili, akiniita nashtuka. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi, ila kwangu ilikuwa ndefu kuliko ile ya wapagazi.

Siku ya tatu aliniambia nikae chini, karibu na kigoda. Akanyoosha kidole.

"Unawaona wangapi?"

"Wawili, bibi."

"Wanafanya nini?"

"Wanakula."

"Tangu juzi wanakula pamoja. Ndege mwenye mayai hatoki na mwenzie. Mmoja akienda kula, mmoja analalia. Mimi nisiye na miguu nimeona, wewe uliyefika ukaniambia yapo."

Nililia, nikasema yote. Kwa mayai hakunigombeza hata kidogo. Alinigombeza kwa uongo. "Ulidhani na mimi ni yai, nitapasuka?" Aliponiacha nikajifuta machozi akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mvua bado ipo. Wakitaga tena utakaa hapa na mimi. Na jaruba lile la kando lisipaliliwe." Mama alinung'unika, maana mpunga ulioachiwa magugu ni njaa inayojulikana, lakini hakumpinga mkwewe.

Haukupita muda mrefu akaanza kutoka korongo mmoja mmoja. Tukajua. Ee, mwanangu, siku zile sitaki zirudi! Miguu ya bibi ilivimba zaidi, na kikohozi hakikumwacha. Wingu likijikusanya nasimama, ananishika kiwiko: "Kaa." Nguchiro akionekana nasimama, ananishika: "Kaa." Nilikaa mwezi mzima.

Kisha asubuhi moja wakatoka wote wawili.

"Bibi, wametoka wote! Yameliwa tena!"

"Usitazame vichwa. Tazama wanavyotembea."

Walipiga hatua moja, wakasimama, wakangoja. Wakapiga nyingine, wakangoja tena. Na katikati yao nyasi zilitikisika, wala hapakuwa na upepo.

"Vifaranga vingapi, bibi?" nilinong'ona.

"Sijui," alisema, machozi yakimtoka. "Na usiende kuhesabu."

Bibi aliishi akaona masika nyingine mbili. Nami nimekusimulia haya kwa sababu nakuona unavyopenda, mwanangu. Unapenda kwa kushika, na usiposhika unaogopa. Ukikipenda kitu kiachie nafasi ya kupumua, maana adui naye hupita kwenye njia iliyokatwa na wasiwasi wako. Kikiharibika mkononi mwako, sema siku ileile, wenye umri wetu hatuvunjiki ovyo. Nenda, Mungu akupe macho yenye subira, na siku miguu yako itakapotaka kukimbia bure, usimkose mtu wa kukushika kiwiko akakwambia kaa.