Mkasi wa Msusi na Kondoo Wasionyolewa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, na Msusi bado hajamnyoa kondoo hata mmoja. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya zizi, mkasi mapajani, na kila baada ya muda anaupenyeza mgongo wa mkono ndani ya manyoya ya kondoo aliye karibu, anauacha humo kidogo, kisha anatikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Umande umejificha huku chini. Ukimnyoa kondoo mbichi, sufu inaoza guniani. Tusubiri jua lifanye kazi yake, na sisi tutafanya yetu."

Kazi yake, jua likiwa bado linapanda, ni kuongea, na kwa maneno hajambo. Amekwisha kumsalimia kila mtu wa nyumba hii, amemuuliza mke wa mwenye nyumba habari za goti lake, na amewaonya kondoo watatu wanaosukumana mlangoni kwamba foleni ni foleni.

Msusi si jina alilopewa na wazazi wake. Ana miaka arobaini na saba, na kumi na minne kati ya hiyo aliimaliza kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, akisuka vichwa vya wanawake. Miaka minane iliyopita aliacha vichwa akahamia migongo, lakini jina likamfuata mpaka zizini.

"Nywele ni nywele tu," anasema. "Tofauti ni kwamba kondoo hamsengenyi mtu."

Leo amekuja kwa Mwalimu, mstaafu wa miaka sitini na tisa ambaye karibu kila jirani hapa alifundishwa naye au kuchapwa naye, na wengi walipata yote mawili. Zizini kuna kondoo thelathini na wanne, na karibu wote ni kichekesho. Vichwa vyeusi, matumbo wazi, na mgongoni kila mmoja amebeba bonge la sufu iliyoshikana, linaloning'inia ubavuni kama godoro linalotaka kuanguka kitandani. Mmoja ana sufu upande wa kushoto tu.

"Huyo alianza kuvua koti, akasahau," anasema Msusi.

Mwalimu, aliyesimama kando ya uzio na mikono nyuma, anajifanya hakusikia. Ana sababu. Miaka mitatu iliyopita ni yeye aliyeleta hapa dume la kwanza la kondoo wasionyolewa, na siku hiyo alimwambia Msusi mbele za watu, "Sasa mwanangu, mkasi wako kauweke makumbusho." Watu walicheka. Msusi naye alicheka, maana angefanya nini?

Kwa mpita njia, kondoo ni kondoo. Kwa Msusi, kila upande wa nchi una kondoo wake, na anaweza kukutajia alikotoka kabla hajamwona uso.

Wa mlimani ana uso mweupe, mkia mwembamba mrefu, na sufu inayomshukia mpaka machoni. "Joto linamtesa, lakini mrudishe kwenye baridi ya huko juu, ananenepa kama bwana harusi," anasema. Wa bondeni pua yake imepinda, masikio yamelala, na mkia wake ni mpana, umejaa mafuta. Manyoya yake ni mafupi na magumu kama brashi ya viatu. Huyo anataka mkasi mara moja kwa miaka miwili, na hata usipomnyoa halalamiki.

Halafu yupo mgeni kutoka nyanda kame, ambaye watu wamempa jina la Kichwacheusi. Shingo fupi, mwili kama gogo, na badala ya sufu ana nywele. Joto likianza, nywele hizo zinapukutika zenyewe, na baada ya wiki chache mnyama anabaki laini kama mbuzi. Hahitaji mkasi wala Msusi.

"Huyo ndiye aliyenichukulia wateja," anasema. "Simchukii. Hajui kama nina watoto wanaosoma."

Mwaka ule Mwalimu alipoleta dume lake, Msusi alikuwa akinyoa kondoo wa nyumba sitini na moja. Msimu huu zimebaki ishirini na tatu. Jumamosi amerudi kusuka vichwa, na mumewe, fundi baiskeli, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya ada za watoto wao wawili. Msusi anaeleza haya bila kununa, ila mkono wake unafungua na kufunga mkasi mtupu.

Kitu ambacho watu hawakukijua ni kwamba mtoto wa Kichwacheusi na jike wa mlimani hachukui upande mmoja. Nywele za baba zinataka kudondoka, sufu ya mama inazishika, na vyote vinakwama mgongoni. Njia mbili zilimshinda fisi. Msimu wa mvua uliopita, mabonge yale yalijaa mbegu za miiba, nzi wakataga humo, na funza wakala nyama. Majike wawili wa Mwalimu walikufa. Hata hivyo zilipita wiki kadhaa kabla hajakubali kumwita aliyemtuma makumbusho.

Hakumwita mwenyewe. Alimtuma mkewe.

"Aliniambia nijifanye nimekwenda kusukwa," anasimulia mke wa Mwalimu, mama mnene mwenye kicheko cha karibu. "Nikakaa kitini. Nikasukwa nusu kichwa nzima sijasema neno. Ndipo nikamwambia, mwanangu, kondoo wetu wamekuwa kama mimi hivi sasa, nusu wamekwisha, nusu bado."

Saa nne kasoro, mkono wa Msusi unatoka mkavu.

Anamshika wa kwanza chini ya kidevu, anamzungusha, na mnyama anajikuta amekaa kitako, mgongo ukiegemea magoti ya mtu, ameduwaa kama aliyesahau alichofuata dukani. Mkasi unaanzia tumboni, kwenye mabaki yaliyojificha mapajani. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," anasema Msusi akiwa amejikunja mara mbili. Baada ya dakika nane kondoo anasimama, anajitikisa, na bonge zima la sufu limebaki chini kama shuka.

Kondoo wake wa kwanza kabisa, wa zizi hilihili, alimchukua saa moja na nusu. Mnyoaji wa zamani alikuwa amehama, kondoo walikuwa wakihema kwa joto, na mke wa Mwalimu akalalamika akiwa anasukwa. Msusi alimwambia kwa utani amletee. Akaletewa. "Alitoka mikononi mwangu kama hindi lililotafunwa," anakumbuka. "Lakini alikuwa ameacha kuhema. Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala."

Amemaliza wa sita pale Mwalimu anaposogea. Mkononi ana kipande cha chaki nyeupe.

"Mwanangu," anasema, "nataka unichagulie. Nibaki na wale ambao uzao wao utapukutisha wenyewe, niachane na mateso haya. Jicho langu halioni tofauti. Mkono wako unaiona." Anamnyooshea chaki. "Najua ninachokuomba."

Kila aliye karibu anajua. Mwalimu akipanda mbegu mpya, majirani wanapanda. Akifanikiwa na kondoo hawa, wataiga, na zile nyumba ishirini na tatu huenda zikabaki tano. Na aliyepewa chaki ya kuchagua ndiye mwenye kupoteza.

Msusi anaipokea.

Angeweza kuchagua vibaya na hakuna ambaye angemjua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ya manyoya aijuaye mkono wake tu, na ingechukua miaka mitatu kabla Mwalimu hajagundua kwamba wajukuu wa kondoo wake bado wana magodoro mgongoni.

"Nisikudanganye, nilifikiria," anamwambia mwandishi wa makala haya baadaye, akipangusa mkasi kwa kitambaa cha mafuta. "Niliona ada ya muhula ujao. Nikasema, nikiweka alama kwa wenye sufu nzito, nina kazi hapa miaka kumi. Halafu nikamgeuza yule wa saba. Chini ya bonge nikakuta kovu la funza, pana kama kiganja changu. Roho iliniuma. Bonde hili lina joto, lina miiba, si mahali pa sufu. Wao hawawezi kusema, na mimi ndiye ninayejua."

Kwa hiyo anachagua kwa haki. Anawarudia hata wale sita wa mwanzo. Kabla ya kumnyoa kila mmoja anafungua manyoya kwa vidole begani, ubavuni na pajani, kama anavyopiga njia kichwani kwa mteja, kisha anabana kishungi na kukivuta taratibu. Kikija chenyewe, anachora mstari mweupe juu ya kichwa cheusi. Kikishikilia, hamwekei alama. Kwa wale sita anatumia vishungi vilivyobaki shingoni.

Saa tisa alasiri, kumi na tisa wana chaki na kumi na watatu hawana.

"Hawa wenye alama wapandishe tena kwa Kichwacheusi," anamwambia Mwalimu. "Watoto wao watapukutisha karibu wote. Wajukuu hawatanijua kabisa."

Mwalimu anavua kofia. "Lile neno la makumbusho," anaanza.

"Lilichekesha, Mwalimu. Ningekuwa wewe ningelisema pia."

"Halikuwa neno zuri."

"Halikuwa," anakubali Msusi. "Lakini lilichekesha."

Jirani aliyekuwa ameegemea uzio tangu kondoo wa kumi na tano anauliza kama na kwake Msusi anaweza kwenda kuchagua. Kabla hajajibiwa, mwingine anauliza hilohilo kutoka barabarani. Msusi anawakubalia wote wawili, kisha anawaambia waziwazi kwamba furaha hiyo ina mwisho. "Kuchagua ni mara moja. Kunyoa ni kila mwaka. Nikiwachagulia vizuri, nimewaaga."

Wamebaki wawili kwenye kona. Mmoja ni jike la mlimani, la mwisho la aina yake katika zizi hili, uso mweupe, sufu mpaka machoni. Sikio lake la kushoto lina pengo dogo. Pengo hilo ni kazi ya Msusi, kutoka siku ambazo bado alikuwa mwanafunzi wa mkasi, na kila anapomnyoa humwomba radhi. Chini yake amejibana mwanakondoo jike wa miezi mitano, mweupe vilevile.

Mwaka jana jike hilo liliruka uzio. Lilitafutwa siku tatu, likakutwa mlimani, katika kundi la kaka yake Msusi, limetulia kama lililofika kwao. Lilirudishwa kwa kamba, na miezi mitano baadaye likazaa mtoto asiye na hata unywele mmoja mweusi.

"Hao nao waondoke," anasema Mwalimu. "Hawana chaki."

Msusi anamnyoa mama, polepole kuliko wengine. Mtoto hamgusi, bado hajafikia mkasi. Kisha ananyooka, mikono kiunoni.

"Mwalimu, naomba hawa wawili badala ya ujira wa leo."

"Huyo mzee nimeelewa, mmezoeana. Huyu mdogo wa nini?"

"Dume lililomzaa ni la kaka yangu. Kwa hesabu hiyo mimi ni shangazi yake. Umeona wapi shangazi anaacha mtoto wa kaka yake auzwe sokoni na yeye amesimama hapo na mkasi?"

Mke wa Mwalimu anacheka mpaka anakaa juu ya magunia ya sufu. "Mpe," anamwambia mumewe akijifuta macho. "Na ujira wake umpe vilevile. Umemtania miaka mitatu." Mwalimu hana rekodi ya kushinda mabishano nyumbani kwake. Anatoa vyote viwili.

Msusi ana mpango, na si wa leo. Mama yake alimwachia kipande cha ardhi kule mlimani, mpakani na kaka yake, mahali ambapo Kichwacheusi hukohoa usiku kucha kwa baridi. Anataka majike kumi katika miaka minne. Mtengeneza mablanketi anayenunua magunia yake amekuwa akilalamika kwamba sufu ndefu safi imeadimika, na amemwambia yoyote atakayoleta ataichukua. Mumewe tayari ameanza kuunganisha rimu za baiskeli kuukuu ziwe lango la zizi. Wifi yake ameomba kufundishwa mkasi.

"Nilikuwa nalia kwamba kondoo wa kunyoa wanakwisha," anasema. "Hawajakwisha. Walikuwa mahali pasipo pao, na mimi nilikuwa nao hukohuko. Kinyozi hajinyoi, sawa. Basi nitafuga wa kunyoa."

Saa kumi jioni anafunga kamba shingoni mwa jike na kulitoa nje ya lango. Linatokea tatizo dogo. Mama amenyolewa, amekuwa mwembamba na mgeni, na mtoto wake hamtambui. Anamnusa, anarudi nyuma, anakimbia kuelekea zizini akilia, anarudi tena, macho yamemtoka.

Msusi hamkimbilii. Anasimama tu, kamba mkononi. "Subiri aseme," anamwambia Mwalimu, ambaye tayari ameanza kumswaga.

Jike linainua kichwa na kulia mara moja, kwa sauti nzito. Mwanakondoo anasimama wima. Kisha anakuja mbio na kujipenyeza chini ya tumbo lilelile alilolikimbia, mkia ukicheza.

Msusi anainama. Anaupenyeza mgongo wa mkono wake ndani ya sufu ya mtoto, ndogo, nyeupe, yenye joto, na anauacha humo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Bado," anamwambia. "Mwakani, shangazi akijaliwa."