Rimu yangu ya nne niliikuta imetundikwa mtini, ni kengele ya kijiji

Wakuu, kila mtu achukue salamu kwa umri wake. Nimesoma mpaka darasa la nne, asiyependa maandishi yangu apite tu. Haya yalitokea na nilikuwepo.

Mama yangu kule Uru alikuwa na ng'ombe wa zizini, mkorofi, hataki majani ya mgombani. Anataka ya kutoka tambarare tu.

Mama alipougua mgongo nikaacha shule, nikawa mimi ndiye nashuka kukata na kupanda na mzigo kichwani. Yule ng'ombe nilimchukia, na maziwa yake nilikunywa.

Sasa huko chini madereva wa malori wakanizoea, wakawa wananipandisha na majani yangu. Ukipanda lori la mtu kila siku unaishia kuwa utingo. Utingo akivumilia anakuwa dereva.

Ndivyo nilivyofika kumiliki kobe wangu wa teksi, kile kigari cha mgongo wa duara, enzi ambazo gari la mtu binafsi Moshi ulilijua kwa sauti kabla hujaliona.

Nikalivalisha rimu nne za spoti, nilizitoa Nairobi. Zinang'aa hizo! Maharusi wakawa wananigombania. Nilikula kwa zile rimu, msidhani ni mapambo.

Mara mpaka na Kenya ukafungwa. Masika yakaja, njia ya Uru nikagonga jiwe. Rimu moja ikapasuka kama kibuyu.

Fundi akaniambia, "Kaka, hii si chuma. Nikiigusa na moto inayeyuka."

Nikafunga ya kawaida. Pale stendi wakasema gari langu limevaa viatu vitatu na ndala moja. Jina likanikaa, Ndala. Maharusi wakahamia kwa wengine.

Nilitafuta Arusha, nikatafuta Himo. Hii matundu hayalingani, ile pana mno.

Siku moja mama muuza ndizi wa Kiboriloni akaitazama rimu moja ya gari langu, akasema, "Baba, mbona kama hii iko kijijini kwetu? Inagongwa tuende shamba la ujamaa." Kumbe kuna mgeni alipinduka huko na gari la aina ya langu, likang'olewa kila kitu.

Nikapanda kuiangalia. Ni yenyewe, pacha kabisa, inaning'inia kwa waya.

Sikuenda kuomba bure, muelewe hapo. Siku ya mkutano wao nilirudi na rimu ya lori begani, chuma kizito. Nikaegesha kobe barabarani, nikapanda kwa miguu.

Nikasema, ndugu zangu, tubadilishane. Gongeni zote mbili msikie.

Wakagonga ya kwao: kwa, kwa, kama sufuria. Wakagonga ya kwangu, ikasikika mpaka ng'ambo ya korongo.

Mama mmoja akasema, "Mwenyekiti, sasa tutachelewa kazini kwa kisingizio gani?" Watu wakacheka. Nikajua nimeshinda.

Mwenyekiti akasimama. "Kijiji kinapokea mchango wa ndugu dereva. Sasa tuna kengele mbili, moja ya kazi na moja ya mkutano."

Makofi.

Nikamuuliza, "Na rimu yangu?"

"Ile ni mali ya umma, ndugu. Ila tunaweza kukusaidia uipate. Gari lako liwe la kijiji kila Jumamosi, libebe mbolea."

"Mbolea kwenye kobe, mwenyekiti?"

"Kwani kobe habebi mzigo mgongoni?" Wakacheka tena. Mzee mmoja akaongeza, "Mwache. Anayetaka magurudumu yafanane huyo ni bepari mchanga."

Jumamosi ndiyo siku ya harusi, wakuu. Yaani nipewe rimu ya kubebea maharusi, halafu siku ya maharusi nibebe mavi ya ng'ombe.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akishapokea chako kwa makofi, usikae kumdai mbele ya waliopiga makofi. Wapo watakaosema ningekubali, au ningegombana. Semeni tu, uwanja ni wenu, nitasoma yote. Ila ndala sikuiona aibu tena, niliendesha nayo mpaka nauza gari.

Maana siku ile nilinyanyuka, nikakung'uta suruali, nikapita katikati yao. Rimu ya lori nikaiacha palepale.

Mwenyekiti akaita, "Ndugu, mkutano haujafungwa."

Nikaendelea kushuka. Sijakanyaga kule mpaka leo.