Mlango wa Nyuma Niliouziba Mwenyewe

Na bado anasema nimemharibia mali. Mali gani? Mlango nimeuziba mimi, nikauzibua mimi. Aende kushtaki anakotaka. Lakini wewe kabla hujakaa upande wa bosi wa baa, nisikilize kwanza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mtaani wananiita Cheche, na siyo kwa sababu ya kazi tu. Dada yangu anaosha glasi kwenye baa ya mwisho wa mtaa wetu, mwaka wa tisa huu. Ana pumu. Akipanda ngazi anasimama katikati, anajifanya anatafuta ufunguo kwenye mkoba, na wapangaji wote wanajua hakuna ufunguo anaoutafuta. Mama alipofariki, yeye ndiye alinilea. Shule alinipeleka, kuikimbia nikaikimbia mwenyewe.

Miaka yote hiyo mle ndani sijawahi kukanyaga. Barabarani mimi simwogopi mtu, lakini ile baa nilikuwa naiogopa. Mlango mwembamba, pazia zito, saa nane mchana ndani giza. Unasikia watu wanacheka, huwaoni.

Siku hiyo dada alisahau dawa yake ya kuvuta mezani. Nikaichukua, nikaenda.

Ukivuka pazia tu, unakutana na jiko la gesi la kukaangia, mtungi umesimama hapohapo mlangoni. Unapita ubavu ubavu. Halafu ukumbi usio na dirisha hata moja, watu kama thelathini, sakafu inanata kwenye viatu.

"Mgeni huyo," mzee mmoja akasema. "Kaa, kijana, hatung'ati."

"Sisi hatung'ati," mwenzake akadakia, "ila ulichosimama karibu nacho ni mke wangu."

Nikaruka. Ilikuwa chupa. Wakacheka mpaka meza ikatikisika.

Dada nilimkuta chumba cha mwisho kabisa, kidogo kama kabati, kainamia beseni, jasho linamchuruzika.

"Wewe? Humu?" akasema. "Basi leo mvua itanyesha."

Nikampa dawa. Nikainua macho, nikaona mlango wa chuma nyuma yake. Pembeni una madoa sita ya moto, rangi imebabuka. Ile ni kazi ya mkono wangu.

Mwezi uliopita bosi aliniita uchochoroni, nyuma. Akasema hiyo ni stoo, wateja wanatorokea humo na kreti, ziba. Sisi mafundi wa kuchomelea tuna ugonjwa mmoja: tunauliza upana, tunauliza unene wa chuma, upande wa pili kuna nani hatuulizi. Nikapiga pointi sita, nikaondoka napiga mluzi.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie uje umpige bosi? Nakujua wewe."

Hapohapo umeme ukakatika.

Nikasikia kiti kimeanguka, mtu kajikwaa kule mbele, kisha sufuria. Mafuta yakamwagikia jiko. Pazia likashika moto. Watu waliokuwa wanakimbilia mlangoni wakageuka wote, wakaja kwetu. Mtu akanikanyaga, mwingine ananivuta shati anaita jina la mama yake. Moshi ukaingia. Dada akaanza kukohoa, halafu akaacha kukohoa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikaupiga ule mlango kwa bega. Mara tano, mara kumi. Haukutikisika. Siku zote najisifu kazi yangu haiachii. Siku hiyo nilimwomba Mungu iwe mbovu.

Kule mbele bosi alizima gesi, akalivuta pazia chini, akatupia magunia yaliyolowa. Dakika mbili labda. Wateja wakarudi kwenye viti vyao wanataniana nani alilia. Dada yuko chini, kashika dawa kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Nikambeba nje.

Alipoanza kupumua vizuri nikafuata grenda, mashine yangu ya kukatia chuma. Nikakaa nayo uchochoroni mpaka umeme uliporudi, nikakata pointi zote sita.

Bosi akaja mbio. "Nani kakutuma?"

"Aliyenituma kuziba hakunituma kuua."

"Jumamosi naleta fundi mwenye akili, auzibe tena," akasema.

Nimemsihi dada aache ile kazi. Kanijibu, "Hasira zako hazipikiki, mdogo wangu." Kesho yake asubuhi akaenda. Kila ikifika saa nane nikiwa kazini nanusa hewa kama mbwa.

Sasa wewe fundi unayesoma hii, ukiitwa Jumamosi uchochoroni nyuma ya baa, kataa. Na nyinyi mnaokunywa mle, kabla hamjaagiza, nendeni nyuma mkausukume ule mlango. Usipofunguka, tokeni wote, na dada yangu mtoke naye.